Walaji wa Shaba na Chungu cha Bukari

Ukipita katika njia za Kambove saa kumi na mbili za jioni, utaona jambo moja karibu na kila mlango. Mbabula imewashwa, makala yamekuwa mekundu, na juu yake sufuria ya maji inachemka. Mama anatia unga wa mahindi kidogo kidogo hata uwe uji. Halafu anaongeza unga mwingi, pengine wa muhogo, anashika mwiko kwa mikono miwili, na kusonga kwa nguvu. Baada ya muda mfupi bukari imeiva. Pembeni kuna sombe, au ndakala, au samaki wa mto Lufira. Watoto wananawa mikono, watu wanakaa kula.

Ukiwauliza, "Chakula hiki ni cha nani?" watakujibu bila kufikiri, "Ni chakula chetu, tumeachiwa na wazee." Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote. Mahindi si ya Afrika. Muhogo si wa Afrika. Karanga zinazotiwa katika sombe, pilipili inayoikoleza, hata nyanya, vyote vilivuka bahari kutoka Amerika. Babu wa babu zetu wa kale hawakuvijua hata kwa jina.

Basi, msomaji, tufuate habari za chungu hiki tangu mwanzo. Ndani yake tutakuta historia ya nchi yetu ya Katanga, na tena shauri moja kubwa linalotupasa hata leo.

Jiko la wavuvi wa Kisale

Tuanze mbali kidogo na Kambove, upande wa kaskazini, mahali ambapo mto Lualaba unapita katika maziwa na mabwawa mengi. Huko, kando ya ziwa Kisale, pana mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale mahali hapo, wakakuta mambo ya kushangaza. Watu waliozikwa humo waliishi tangu karibu karne ya 8 hata karne ya 13. Walizikwa pamoja na vyungu vizuri, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma. Tena pamoja na vyungu hivyo yalionekana majiko madogo ya udongo, yenye pembe tatu za kushikilia chungu.

Kwa nini watengeneze jiko dogo la kubebwa, wala wasitumie mafiga matatu ya mawe? Wataalamu waliwatazama wavuvi wa nyakati zetu, wakapata jibu. Mvuvi anayelala siku nyingi katika mtumbwi wake hawezi kuwasha moto juu ya mbao. Lakini akiwa na jiko la udongo, anapika samaki wake katikati ya maji bila hofu. Mbabula zetu leo ni za bati au za chuma, lakini kupikia jiko la kubebwa kulijulikana katika nchi hii zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Na katika vyungu vya zamani walipika nini? Walikuwa na samaki na nyama ya mawindo. Walikuwa na mtama na ulezi, nafaka za Afrika yenyewe, zinazovumilia jua. Unga wake ulisongwa kama tunavyosonga leo, ila bukari yake ilikuwa nyeusi au nyekundu, si nyeupe. Walikuwa na njugu mawe na kunde. Porini walipata uyoga wakati wa mvua, viwavi, kumbikumbi na asali. Chumvi ilitoka mahali pachache, nayo ilikuwa mali kweli. Kwetu chumvi iliyosifiwa ni ile ya Mwashya, karibu na mto Lufira, ambako maji ya chumvi hutoka ardhini. Watu walisafiri siku nyingi kuinunua, na wenye chumvi walipata majembe, samaki na nguo.

Watu waliokula shaba

Katika nchi hii ya Kambove na jirani zake walikuwako mafundi wa shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910, aliandika habari zao mwaka 1926. Aliwaita kwa jina walilojiita wenyewe: walaji wa shaba. Kwa lugha yao, kwenda kuchimba na kuyeyusha shaba kulikuwa kwenda kuila. Maana yake si kwamba waliitafuna. Shaba ndiyo iliyowapatia mali, na mali ndiyo inayolisha.

Lakini angalia jinsi walivyopanga kazi yao. Hawakuenda mgodini wakati wowote. Walingoja kwanza mtama ukomae, wakavuna, wakajaza maghala. Hapo, karibu na mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika, mkuu wa kazi aliwaita watu. Wakahama na wake zao na watoto wao, wakapiga kambi karibu na machimbo. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, wanaume walichimba mashimo. Wengine walikata miti na kuchoma makala. Tanuru walizijenga kwa udongo mgumu wa vichuguu, na moto ukavumishwa kwa mivuo. Shaba iliyoyeyuka ikamiminwa katika viumbo vya msalaba, ndiyo ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika nchi nyingi za Afrika ya kati.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kazi ilikwisha. Kila mtu alichukua fungu lake, akarudi nyumbani kushika jembe.

Msomaji, tafadhali kumbuka utaratibu huu, maana tutaurudia mwishoni: ghala kwanza, mgodi baadaye. Walaji wa shaba walijua vema kwamba shaba hailiwi.

Wageni waliotoka ng'ambo

Sasa wakaja wageni wawili, mahindi na muhogo.

Mahindi yalianza kulimwa Mexico, karibu miaka elfu tisa iliyopita, na wenyeji wa huko waliyafanya kutoka jani la porini lenye punje chache tu. Muhogo ulitoka upande wa Brazili. Baada ya Kristofa Kolumbo kufika Amerika mwaka 1492, merikebu za Wareno na Wahispania zilieneza mimea hiyo duniani kote. Kabla ya mwaka 1600 mahindi yalikuwa yamekwisha kujulikana katika ufalme wa Kongo. Muhogo nao ukapandwa Angola na Kongo, ukasonga mbele ndani ya bara.

Inachekesha kidogo kuona jinsi mataifa yalivyoyapa mahindi majina. Wakongo waliyaita nafaka ya Wareno. Waswahili wa pwani waliyaita mahindi, kama kwamba yametoka Uhindi. Waitalia hata leo huyaita nafaka ya Uturuki. Kila taifa lilijua kwamba huyu ni mgeni, lakini kila moja lilimtaja baba asiye wake! Wala usidhani kwamba bukari ni ya Waafrika tu. Kaskazini ya Italia watu maskini waliishi kwa polenta, na Warumania kwa mamaliga. Ukiona vyakula hivyo viwili, utavitambua mara moja: ni unga wa mahindi uliosongwa katika maji ya moto. Ni ndugu wa bukari yetu, na wa ugali wa Tanzania na Kenya, na wa nshima ya Zambia.

Katanga muhogo ulifikaje? Ulifuata njia ya watu wa Lunda. Milki ya Mwata Yamvo ilikuwa na biashara na Angola, na kutoka huko vyakula vipya vilipita. Wakubwa wa Kilunda walipokwenda mashariki na kukaa kando ya mto Luapula, chini ya mfalme Kazembe, masimulizi yao yanasema kwamba wao ndio walioleta muhogo. Mwaka 1798 Mreno mmoja, Francisco de Lacerda, alifunga safari kutoka Tete, katika nchi ya Msumbiji, kwenda kwa Kazembe. Alifariki huko mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, na padri wa msafara, Francisco João Pinto, akashika uongozi. Nchi waliyoiona ilikuwa nchi ya muhogo. Miaka michache baadaye wafanya biashara wawili wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita katika nchi ya Katanga wakienda kwa Kazembe huyo, wakafika hata Tete.

Labda mtu atauliza: Kwa nini wazee waliacha mtama wao wakapokea mazao ya wageni? Hawakulazimishwa na mtu hapo kwanza. Walitazama wakaona faida. Ndege hula mtama shambani, na watoto hushinda juu ya vichuguu wakiwafukuza. Lakini hindi limevaa maganda yake. Tena mahindi mabichi huliwa mapema, wakati ghala limekwisha na mavuno bado. Muhogo nao una fadhili ya ajabu: hukaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ukimngoja mwenyewe. Nzige wakipita, hula majani lakini mizizi hubaki. Adui akija kuchoma maghala, hawezi kuchoma kilicho chini ya udongo. Katika karne ya 19, wakati wa vita na biashara ya watumwa, jambo hilo liliokoa watu wengi.

Akili ya mapishi

Lakini chakula kigeni hutaka akili. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mama zetu walijifunza kuuloweka siku tatu au nne hata ulainike, kuuanika juani, kuutwanga na kuuchunga. Majani yake pia hayaliwi mabichi. Ndiyo maana sombe hutwangwa sana, kisha huchemshwa muda mrefu kabla ya kutiwa mawese na karanga. Mtu asiyejua huona kwamba mama anapoteza makala bure. Sivyo, anaondoa sumu. Katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa uitwao konzo, unaopoozesha miguu ghafula. Baadaye ikajulikana kwamba huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nao hawana kitoweo cha nguvu.

Mahindi nayo yana shauri lake. Wenyeji wa Mexico huyachemsha katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuyasaga. Watu wa Ulaya walichukua mbegu, wakaiacha akili hiyo. Basi katika karne ya 18 na ya 19 maskini wa Italia waliokula polenta tupu kila siku walipatwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi ikachubuka, tumbo likaharibika, hata akili ikapotea. Wakulima maskini wa kusini ya Marekani walipatwa vile vile. Huko, karibu na mwaka 1915, daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, bali ni upungufu wa chakula. Wenye kupata nyama, maziwa, maharagwe au karanga hawakuugua.

Kumbe desturi yetu ya kutokula bukari bila kitoweo si uroho. Mtoto anayelia "mboga iko wapi?" ana haki kuliko ajuavyo.

Njaa ya Bunkeya

Karibu na mwaka 1860 Mnyamwezi mmoja aliyekuja kwa biashara, jina lake Msiri, alipata nguvu katika nchi hii. Makao yake yalikuwa Bunkeya, mahali ambapo leo pako katika jimbo la Lualaba. Watu wa kila upande walikusanyika huko: wafanya biashara wa pwani, watu wa Angola, wachukuzi wa pembe, shaba na chumvi, pamoja na watumwa. Kiswahili tunachosema leo kilianza kuja kwetu kwa njia hizo. Mji ulikuwa mkubwa, na mji mkubwa hula sana.

Mwezi wa Desemba 1891 msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Pili, ulifika Bunkeya. Tarehe 20 Desemba Msiri aliuawa. Watu wakakimbia, vijiji vikabaki vitupu. Sasa fikiri, msomaji: Desemba na Januari ndiyo miezi ya njaa, ghala limekwisha na shamba bado kijani. Watu wa msafara walikuwa na bunduki, nguo na shanga za kununulia, lakini hapakuwa na mtu wa kuwauzia chakula. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na kuhara damu. Daktari wao, Joseph Moloney, aliandika kitabu juu ya taabu hizo. Walikuwa wamekaa juu ya nchi yenye shaba nyingi kupita karibu nchi zote za dunia, nao hawakuwa na kikombe cha unga.

Mgodi na posho

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa huko, na mwaka 1913 reli ikafika Kambove kwetu. Vijana waliletwa kutoka mbali: Luapula, Lomami, Kasai, Rodesia, Angola, na kwa muda hata Rwanda na Burundi.

Hapo utaratibu wa walaji wa shaba ulipinduliwa. Mtu alifika mgodini hana ghala, hana shamba, hana mke wa kumpikia. Alifanya kazi masika na kiangazi. Chakula chake kilikuwa posho, kilichopimwa na mkono wa mwingine. Kwanza unga wa mahindi uliletwa kwa gari la moshi kutoka Rodesia. Wengi waliozoea mtama au muhogo mbichi waliona unga huo kuwa kitu kigeni. Waliishi wakisongamana katika kambi mbaya, na magonjwa ya kuhara na ya mapafu yaliua vijana wengi katika miaka hiyo ya kwanza.

Serikali ilitafuta chakula kwa njia nyingi. Iliwaita wakulima wa Ubelgiji waje kulima Katanga, lakini wengi wao walishindwa. Kwa sheria ya mwaka 1917 ikawalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa, na asiyelima aliadhibiwa. Reli ilipofika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mwaka 1928, mahindi na muhogo wa Lomami na Kasai vikashuka kwa wingi kuja migodini. Hivyo jembe la mwanakijiji wa mbali lililisha mchimba shaba wa Kambove, na mara nyingi wote wawili hawakupata bei ya haki.

Mwaka ule ule wa 1928 kampuni ilianza kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kukaa na wake zao. Ilikuwa imeona kwamba mtu mwenye mke na chakula kizuri hafi upesi, wala hatoroki. Posho ikawa ya jamaa nzima: unga, maharagwe, nyama au samaki, mafuta, karanga na chumvi. Na hapo jikoni jambo jipya lilizaliwa. Katika kambi moja mwanamke wa Kiluba alikaa mlango kwa mlango na Mubemba, na Mlunda, na Msanga. Mmoja alijua kusonga mahindi pamoja na muhogo. Mwingine alijua kupika kikanda, ile keki ya mizizi ya porini iliyosagwa na kuchanganywa na unga wa karanga na pilipili. Mwingine alijua kutengeneza munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi unaolainishwa kwa mizizi ya mti wa porini. Ndakala walikuja kutoka ziwa Tanganyika. Bwawa la Mwadingusha lilipojengwa, likamalizika mwaka 1930, ziwa jipya likaenea katika bonde la Lufira, na samaki wake wakafika Likasi na Kambove.

Hakuna serikali iliyoamuru mapishi hayo. Wanawake waliazimana chumvi na kuonjana mboga, na kwa njia hiyo chakula cha makabila mengi kikawa chakula cha mji mmoja. Ndiyo sababu nasema kwamba jibu la "ni chakula chetu" ni la kweli. Mahindi yalizaliwa Mexico, lakini bukari ya Katanga ilizaliwa Katanga.

Mkono unaopima unga

Lakini anayepokea unga kwa mkono wa mwingine hana nguvu mkono huo ukifungwa. Katika shida ya biashara ya dunia iliyoanza mwaka 1929, maelfu ya wafanyakazi waliachishwa na kurudishwa makwao. Wakati wa vita ya pili ya dunia, bei za vitu zilipanda sana na mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 wachimba migodi waligoma, Likasi na Elisabethville. Waliomba mshahara utakaotosha kulisha na kuvika jamaa zao. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu waliuawa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Tunapotaja bei ya unga, tuwakumbuke na hao.

Baada ya vita maisha ya kambini yalipata nafuu. Tarehe ya 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na kampuni mpya ikaja kujulikana kama Gécamines. Iliendelea kutoa kazi, nyumba, shule, hospitali, na mfuko wa unga. Watu waliiita baba. Mtoto wa Gécamines hakujua jembe, tena aliona haya kulishika. Jembe lilikuwa la wanakijiji.

Kisha baba akaugua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa kupewa malipo ya mara moja. Katika nyumba nyingi za Kambove, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi watu walikula mara moja kwa siku, na pengine watoto walikula zamu kwa zamu.

Nani aliyeokoa nyumba hizo? Mara nyingi ni mama. Aliuza vitambaa, akanunua karanga, akakaa sokoni. Aliuza makala, mkate, samaki mmoja mmoja. Alikwenda pembezoni mwa mji akafungua kilanga cha mahindi na mihogo, na nyuma ya nyumba akapanda lengalenga na matembele. Baba aliyekuwa fundi wa mashine alijifunza kulima akiwa na mvi. Wala hakuna aibu katika habari hiyo. Ilikuwa njia ya wazee wa kale, ila walioifuata walisukumwa na njaa.

Jambo linalotupasa

Siku hizi shaba imepata nguvu tena, pamoja na kobalti. Vijana wengi huacha shule na shamba, wakaingia mashimoni kutafuta fedha ya siku. Lakini unga bado hutoka mbali. Sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa katika miji yetu hupita mpakani Kasumbalesa, kutoka Zambia na nchi za kusini yake. Baada ya mwaka 2007 uongozi wa jimbo la Katanga uliagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500, kwa sababu hatari ilionekana wazi. Nyingine zililima kwa bidii, nyingine kwa jina tu. Tena tarehe 29 Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni msiba wa taifa lake. Mahindi yao yalikuwa yamekauka shambani. Kila mama wa Lubumbashi na Kambove alijua habari hiyo bila kusoma gazeti: aliisoma katika bei ya unga.

Basi, wasomaji wapenzi, habari za chungu hiki zinatufundisha mambo mawili. La kwanza: tusiogope kitu kizuri kwa sababu ni kigeni. Wazee walipokea mahindi na muhogo, wakavitia akili yao wenyewe, vikawa vyetu. La pili: tusimwachie mtu mwingine kutujazia ghala. Wahenga walisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Kampuni inaweza kufungwa, mpaka unaweza kufungwa, bei ya shaba inaweza kushuka kwa siku moja katika soko la London. Kilanga chenye mihogo kinakungoja ardhini.

Sisemi kwamba watu waache mgodi. Nchi hii Mungu aliijaza shaba, na kuichimba ni kazi ya heshima. Nasema tufuate utaratibu wa walaji wa shaba waliotutangulia katika vilima hivi hivi vya Kambove. Kabla ya mvua za kwanza, kijana anayekwenda shimoni na amwulize mama yake mahali pa kupanda. Mwenye kipande nyuma ya nyumba na apande majani ya mboga. Mwenye nguvu ya kufika porini na alime mahindi, na kando yake mihogo, maharagwe na karanga, ili bukari isikose kitoweo chake. Wazee walijaza ghala kwanza, ndipo wakaenda kula shaba.